Waraka wa Vienna Ulivyoingia Darasani

Januari 27, 2005 viongozi wa nchi nyingi walikusanyika Poland kuadhimisha miaka 60 tangu kambi ya mauaji ya Auschwitz ikombolewe. Kesho yake, mjini Vienna, ofisi ndogo ya Umoja wa Ulaya iliweka kwenye tovuti yake waraka mfupi. Haukuwa sheria wala mkataba, na hakuna bunge lililokuwa limeupigia kura. Ulijaribu kueleza ni tukio lipi lihesabiwe kuwa chuki dhidi ya Wayahudi. Kwa kauli ya aliyeongoza kuuandika, wasomaji waliokusudiwa hasa walikuwa wakusanya takwimu. Leo maneno yale yale yamo katika sheria za majimbo kadhaa ya Marekani, na yanaamua mambo ambayo karani wa takwimu hakuwahi kuulizwa. Namna yalivyofika huko ni habari ndefu, na sehemu yake kubwa haiwahusu Wayahudi peke yao.

Ofisi yenyewe iliitwa Kituo cha Ulaya cha Kufuatilia Ubaguzi wa Rangi na Chuki dhidi ya Wageni. Ilianzishwa 1997, na haikuwa na polisi wala mahakimu. Kazi yake ilikuwa kukusanya taarifa na kuandika ripoti. Intifada ya pili ya Wapalestina ilipoanza mwishoni mwa 2000, mashambulizi dhidi ya Wayahudi yaliongezeka Ulaya magharibi, Ufaransa zaidi ya kwingine. Usiku wa Machi 31, 2002 sinagogi moja mjini Marseille liliteketezwa lote. Kituo kikaagizwa kichunguze. Wachunguzi wakagundua kwamba kila nchi ilihesabu kwa mtindo wake, na nyingine hazikuhesabu kabisa.

Kulikuwa na tatizo jingine, gumu kuliko la hesabu. Maelezo yaliyokuwa yakitumiwa na Kituo yaliegemea dhana potofu za zamani: Myahudi ni bahili, Myahudi ana njama, Myahudi anaitawala benki. Aliyepigwa kwa sababu mshambuliaji anaamini hayo alihesabiwa. Lakini aliyepigwa barabarani Paris kwa sababu mshambuliaji ana hasira na jeshi la Israeli, akamfanya mpita njia huyo kuwa mbadala wa Mwisraeli, aliwekwa kundi gani? Aprili 2004, nje ya Ulaya, maktaba ya shule ya msingi ya Kiyahudi mjini Montreal ilichomwa moto, na barua iliyoachwa pale ikasema ni kisasi cha kuuawa kwa Sheikh Ahmed Yassin wa Hamas huko Gaza. Watoto wa Montreal hawakuwa na mkono katika kifo cha Yassin. Fasili isiyoweza kuona chuki katika moto ule ilikuwa na kasoro, na nadhani kila mtu mwenye haki angekubali hivyo.

Aliyeshika kalamu kuliko wenzake alikuwa mwanasheria wa Marekani, Kenneth Stern, mtaalamu wa chuki dhidi ya Wayahudi katika Kamati ya Wayahudi wa Marekani. Stern hakuwa mtu wa kuogopa kesi. Aliwahi kumtetea Dennis Banks, kiongozi wa harakati za Wahindi Wekundu, na alikuwa mshauri wa upande wa utetezi London mwaka 2000, pale David Irving aliyekana Maangamizi ya Wayahudi alipomshtaki mwanahistoria Deborah Lipstadt na kushindwa. Mwenzake, rabi Andrew Baker, ndiye aliyefanya mazungumzo na mkurugenzi wa Kituo, Beate Winkler, na wataalamu kadhaa wakachangia maneno.

Walichokitoa kilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni sentensi za jumla zinazosema kwamba chuki hiyo ni mtazamo fulani kuhusu Wayahudi ambao unaweza kujitokeza kama uhasama kwao, kwa maneno au vitendo. Ya pili ni mifano, nayo ndiyo yenye uzito wote. Mingine haina ubishi: kuhimiza Wayahudi wauawe, kukana Maangamizi, kuwabebesha Wayahudi wote lawama za matendo ya serikali ya Israeli. Mingine ndiyo iliyozaa ugomvi, kwa mfano kudai kwamba kuwepo kwa taifa la Israeli ni mradi wa kibaguzi, kulifananisha na Wanazi, au kulipima kwa kipimo kisichotumika kwa nchi nyingine za kidemokrasia. Waraka uliweka tahadhari mbili: mifano isomwe kwa kutazama mazingira yote, na lawama kwa Israeli zinazofanana na lawama kwa nchi nyingine yoyote zisihesabiwe kuwa chuki.

Kwa karani wa Vienna, tahadhari hizo zilitosha. Akikosea, tukio moja litaingia kwenye jedwali lisikostahili kuwa, na mwakani atarekebisha. Hakuna anayefukuzwa shule kwa sababu ya jedwali.

Kituo hakikudumu. Mwaka 2007 kilibadilishwa kuwa Wakala wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya, na 2013 wakala huo ukauondoa waraka kwenye tovuti yake, ukieleza kwamba haukuwahi kuwa fasili rasmi. Lakini kufikia hapo ulikuwa umeshavuka bahari.

Ili kuelewa kwa nini Wamarekani waliuhitaji, lazima turudi 1964. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka huo, iliyopatikana kwa jasho na damu ya Wamarekani weusi, ina sehemu nyingi. Sehemu ya Pili, inayohusu hoteli na migahawa, inakataza ubaguzi wa rangi, asili na dini. Sehemu ya Saba, ya ajira, nayo inataja dini. Sehemu ya Sita inahusu taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, yaani karibu kila shule ya umma na kila chuo kikuu, na humo dini haimo. Imetajwa rangi ya ngozi, mbari na nchi ya asili, basi. Kwa hiyo mwanafunzi Myahudi aliyebughudhiwa na kupeleka malalamiko Wizara ya Elimu alikumbana na swali la ajabu: umebughudhiwa kwa dini yako au kwa mbari yako? Akijibu dini, ofisi ya haki za kiraia ilimwambia hilo si la kwetu.

Mlango ulifunguliwa na Mahakama Kuu, tena kwa kesi mbili zilizoamuliwa siku moja, Mei 18, 1987. Ya kwanza ilihusu sinagogi la Shaare Tefila huko Silver Spring, Maryland, ambalo kuta zake zilipakwa rangi na kuandikwa matusi na alama za Kinazi mwaka 1982. Ya pili ililetwa na Mwarabu, Majid Al-Khazraji, mzaliwa wa Iraq na raia wa Marekani, profesa aliyenyimwa ajira ya kudumu katika chuo kimoja cha Pennsylvania. Wote wawili walitegemea sheria za baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe zilizokataza ubaguzi wa mbari. Utetezi dhidi ya wote wawili ulikuwa mmoja: hawa ni weupe, nao wanaodaiwa kuwabagua ni weupe, sasa ubaguzi wa mbari umetoka wapi?

Jaji Byron White aliandika hukumu zote mbili, na hakuna jaji aliyepinga. Hakuuliza kama Wayahudi au Waarabu ni mbari leo. Aliuliza Bunge la karne ya 19 lilimaanisha nini, akafungua kamusi na ensaiklopidia za zama zile, akakuta Waarabu, Wayahudi, Wafini, Wabaski na wengine wengi wakiorodheshwa kila mmoja kama mbari yake. Kwa kuwa watunga sheria wa zamani walifikiri hivyo, walindwao wa zamani wanalindwa bado. Ni hoja ya kuchekesha ukiitazama vizuri: sayansi mbovu ya karne ya 19 ndiyo iliyowapa kinga Wayahudi na Waarabu wa karne ya 20. Na ni kinga waliyoipata pamoja, jambo ambalo mabishano ya baadaye yamelisahau.

Septemba 2004 Kenneth Marcus, aliyekuwa akiongoza ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu, aliitumia hoja hiyo. Alitangaza kwamba ofisi yake itapokea malalamiko ya wanafunzi Wayahudi, Makalasinga na Waarabu Waislamu, mradi wanachokilalamikia ni kubaguliwa kwa asili ya ukoo wao, na kwamba mtu hanyimwi ulinzi kwa sababu tu watu wa ukoo wake wana dini moja. Serikali ya Obama ikaishikilia tafsiri hiyo 2010. Hilo lilikuwa pengo la kweli, na liliposhonwa hakuna aliyepoteza haki yake.

Malalamiko ya kwanza mazito yalitoka California, katika vyuo vikuu vya umma. Wanafunzi Wayahudi wa Irvine, kisha Berkeley na Santa Cruz, walieleza mihadhara ya hasira, ukuta wa kuigiza wa kizuizi cha Ukingo wa Magharibi, maigizo ya vituo vya ukaguzi vya kijeshi mlangoni mwa chuo. Wizara ilichunguza kwa miaka. Agosti 2013 ikayatupilia mbali yote matatu, ikisema kwamba mengi ya yaliyolalamikiwa yalikuwa kauli kuhusu mambo ya umma, na kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu hutarajiwa kukutana na maoni yanayomkera.

Hapa ndipo msomaji asiyeijua sheria ya Marekani hushangaa. Nchi nyingi, pamoja na zetu za Afrika Mashariki, huadhibu maneno ya chuki. Marekani haifanyi hivyo, labda maneno yawe vitisho, uchochezi wa vurugu za papo hapo, au bughudha. Mwaka 1977 na 1978 mahakama zilikubali kikundi cha Wanazi kiandamane Skokie, kitongoji cha Chicago kilichokuwa na manusura wengi wa Maangamizi, na aliyeongoza shirika la kutetea uhuru wa kiraia lililowatetea, Aryeh Neier, alikuwa mtoto wa Kiyahudi aliyekimbia Berlin na wazazi wake. Serikali hairuhusiwi kuchagua maoni, hata yanayonuka. Na kwa kuwa shule ya umma ni serikali, mwalimu mkuu wake amefungwa na katiba ile ile inayomfunga gavana. Chuo binafsi hakifungwi hivyo.

Kwa bughudha kuna kipimo kingine kabisa. Mwaka 1999, katika kesi ya msichana wa shule ya msingi huko Georgia aliyesumbuliwa kingono na mwanafunzi mwenzake, Mahakama Kuu ilisema shule inawajibika pale vitendo vinapokuwa vikali, vimeenea, na vinachukiza kwa macho ya mtu yeyote wa kawaida, kiasi cha kumnyima mtoto elimu yake. Ofisi ya Wizara hutumia kipimo kilicholegea kidogo, lakini swali ni lile lile. Hakuna anayeuliza kama maneno ni ya chuki; wanauliza yamemfanya nini mwanafunzi. Mtu anaweza kusema jambo la chuki tupu dhidi ya Wayahudi na asivunje sheria yoyote. Mwingine anaweza kumfuata Myahudi kila siku hadi bwenini bila kutamka neno Myahudi, akaivunja. Waraka wa Vienna unajibu swali la kwanza, na sheria inataka la pili. Kuupeleka kwenye kikao cha nidhamu ni kama kuchukua pishi ya kupimia mchele ukapimia kitambaa.

Wanaoutetea wana jibu, na si dogo. Bughudha, wanasema, huhitaji nia: lazima ujue mwanafunzi amelengwa kwa Uyahudi wake. Maofisa wengi walikwepa swali hilo kwa kudai kwamba kila kitu ni siasa za Mashariki ya Kati. Fasili inawanyima pa kujificha. Marcus mwenyewe amejenga hoja hiyo kwa miaka mingi, na ukisoma baadhi ya visa vya wanafunzi waliofungiwa nje ya vikundi vyao hadi waikane Israeli kwanza, unaona alichokuwa akikiona.

Lakini vyuo vya umma vya Marekani vina kumbukumbu ya fasili. Mwaka 1949 New York ilipitisha Sheria ya Feinberg ili kuwaondoa walimu wenye kauli za uhaini au uasi. Walimu wa kwanza kusimamishwa katika jiji la New York walikuwa Wayahudi wengi wao, watu wa chama cha walimu chenye siasa za kushoto. Mahakama Kuu iliibariki sheria hiyo 1952. Kisha Chuo Kikuu cha Buffalo kikachukuliwa na jimbo 1962, na wahadhiri wakaletewa cheti cha kutia sahihi kwamba wao si wakomunisti. Harry Keyishian, mwalimu wa Kiingereza, alikataa, pamoja na wenzake wachache. Januari 23, 1967, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ilivunja mfumo wote. Jaji William Brennan hakusema kwamba uasi ni mzuri. Alisema mwalimu asiyejua mpaka wa neno lililokatazwa uko wapi atakaa mbali nao kadiri awezavyo, na darasa litakosa mambo ambayo hakuna sheria iliyokusudia kuyazuia.

Somo hilo lilionekana California tena 2016. Bodi ya wasimamizi wa Chuo Kikuu cha California ilikuwa ikiandika tamko dhidi ya ubaguzi. Rasimu ilisema chuki dhidi ya Wayahudi na upinzani dhidi ya Uzayuni havina nafasi chuoni. Wahadhiri walilalamika: kama watu fulani wanastahili dola yao wenyewe ni swali la siasa, linaloulizwa kuhusu Wakurdi, Waskoti na wengine. Machi 2016 bodi ikabadilisha kifungu kimoja tu, kikawa kinalaani aina za upinzani dhidi ya Uzayuni ambazo ni za chuki dhidi ya Wayahudi. Tamko likapita. Hakuna aliyefurahi sana, na pengine ndiyo maana limedumu.

Miezi miwili baadaye waraka ulipata maisha mapya. Mei 26, 2016, mjini Bucharest, Muungano wa Kimataifa wa Kumbukumbu ya Maangamizi, wenye nchi 31 wakati huo, uliupokea karibu wote, ukiwa na mifano 11, na kuuita ufafanuzi wa kufanyia kazi usio na nguvu ya kisheria. Uingereza ikaukubali Desemba. Mwezi huo huo Seneti ya Marekani ilipitisha mswada wa kuitaka Wizara ya Elimu iuzingatie, ukafia katika Baraza la Wawakilishi.

Mswada ulipojadiliwa tena, Novemba 2017, shahidi mmoja aliyekuja kuupinga mbele ya Kamati ya Sheria ya Baraza alikuwa Kenneth Stern. Hakukana kazi yake. Alisema fasili bado inafaa kwa takwimu, lakini haikuandikwa ili iamue nini kisemwe chuoni, na kwamba sheria itawafanya wakuu wa vyuo wawe walinzi wa maneno kwa kuogopa kesi. Kabla ya hapo, 2011, alikuwa ameandika barua yenye ujumbe huo pamoja na Cary Nelson, rais wa chama cha wahadhiri, na shirika lake mwenyewe likaikana. Si kawaida mwandishi wa maandishi kusimama bungeni akiomba yasitumiwe.

Hakusikilizwa sana. South Carolina ilikuwa ya kwanza, 2018, ikiuingiza waraka katika sheria ya bajeti kwa ajili ya vyuo vya umma. Florida ilienda mbali zaidi 2019: sheria yake ilifunika elimu yote ya umma, kuanzia chekechea hadi chuo kikuu, huku ikiongeza kifungu kwamba haki za katiba hazitapunguzwa. Desemba 11, 2019, katika sherehe ya Hanuka Ikulu ya Washington, Rais Donald Trump alitia sahihi amri iliyozitaka idara zote zinazosimamia Sehemu ya Sita ziuzingatie. Nayo ikaongeza kifungu cha namna hiyo hiyo. Kifungu hicho kimekuwa kama bismillahi ya sheria hizi. Kila mwandishi hukitanguliza au kukimalizia, kisha huendelea na shughuli zake.

Baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023 na vita vya Gaza vilivyofuata, kila kitu kilikwenda mbio. Mei 1, 2024, mahema ya waandamanaji yakiwa yametapakaa vyuoni, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada kwa kura 320 dhidi ya 91. Waliokataa hawakuwa kundi moja. Walikuwamo Wademokrati 70, akiwemo Jerry Nadler wa New York, Myahudi na mtetezi wa Israeli wa miaka mingi. Walikuwamo pia Warepublican 21, na baadhi yao walikuwa na hofu nyingine kabisa: mfano mmoja unataja madai kwamba Wayahudi walimuua Yesu, nao wakaona Injili yao itashtakiwa. Mswada haukupigiwa kura Seneti.

Texas haikungoja Washington. Machi 27, 2024 Gavana Greg Abbott aliviamuru vyuo vyote vya umma viandike upya kanuni za maneno, viweke ufafanuzi ule, na akavitaja kwa majina vikundi vya wanafunzi wanaoiunga mkono Palestina. Vikundi vikaenda mahakamani. Oktoba 2024, katika hatua za awali za kesi, Jaji Robert Pitman wa Austin aliona kwamba kuuingiza ufafanuzi huo katika kanuni za chuo kunaelekea kuwa ubaguzi wa mtazamo, kwa sababu unaadhibu upande mmoja wa mjadala wa kisiasa.

Mwaka uliofuata Bunge la Texas lilipitisha sheria yake. Haikuishia vyuoni. Inazitaka pia shule za umma za msingi na sekondari zitazame ufafanuzi na mifano yake pale mwanafunzi anapofikishwa kwenye nidhamu kwa kosa linalodhaniwa kuwa na chuki dhidi ya Wayahudi. Mtoto akichora swastika kwenye kabati la mwenzake Myahudi, mwalimu mkuu hahitaji waraka wowote kujua la kufanya. Akibeba bango linaloifananisha Gaza na geto la Warsaw, sheria inamwelekeza mwalimu mkuu kwenye mfano wa kufananisha na Wanazi, na Mahakama Kuu, tangu 1969 ilipowapa ushindi watoto wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi kupinga vita vya Vietnam, inamwambia aulize kwanza kama masomo yalivurugika.